Maji yetu machafu hushukia kwa jirani: tutunze fosi septike



Miaka michache iliyopita, paruasi niliyotumika ilipokea semina ya siku nne. Akina mama walipika vizuri: nyama ya ng'ombe, sombe yenye mawese, bugali. Kila jioni sufuria zilioshwa kwa maji ya moto, na maji yale yakamwagwa katika tiyo inayoingia kwenye fosi septike ya nyumba ya wageni. Mimi niliona, nikanyamaza. Haikupita muda mrefu, choo kikaanza kurudisha maji. Siku moja ya mvua kubwa, maji meusi yalitoka chini ya kifuniko cha fosi, yakateremka kuelekea chemchemi ambako familia za wakimbizi wa vita zilikuwa zinateka maji. Mama mmoja aliniuliza bila hasira: “Pasta, haya ni maji ya kanisa?” Sikuwa na jibu.

Katika milima yetu ya Ngungu, nyumba nyingi zina choo cha shimo tu. Lakini kanisa linapojenga nyumba ya wageni, shule au kituo cha afya, mara nyingi linataka fosi septike. Basi tujue inavyofanya kazi.

Ndani ya fosi, uchafu hujigawa mara tatu. Vitu vizito hushuka chini na kuwa tope. Mafuta huelea juu na kuwa utando mzito. Katikati hubaki maji, ambayo hutoka kwenda katika shimo la mawe, na udongo huyanywa polepole. Vijidudu vinavyoishi bila hewa hula sehemu ya tope, lakini mafuta vinayashindwa kwa urahisi. Mafuta ya moto hupita kama maji; yakipoa huganda na kuziba tiyo. Yakizidi, hufika hata kwenye shimo la mawe na kuziba udongo wenyewe. Udongo ukiziba, hata ukiondoa tope lote, maji hayana pa kwenda.

Tusifikiri ni shida ya maskini peke yao. Mwaka 2017, mjini London, chini ya mtaa wa Whitechapel, mafuta yaliyochanganyika na takataka yaliziba mfereji kwa urefu wa metre 250, uzito wa tani 130 hivi.

Tufanye nini? La kwanza ni jikoni. Kabla ya kuosha, panguseni sufuria na sahani kwa majani au karatasi. Mabaki ya chakula yapewe nguruwe au yaende kwenye shimo la mbolea. Mafuta yaliyotumika yakusanywe katika kidumu, wala yasimwagwe.

La pili, jengeni kisanduku cha mafuta kati ya jikoni na fosi. Ni shimo dogo la matofali na simenti, lenye kifuniko. Tiyo ya kutokea inapindwa ndani ili mdomo wake utazame chini. Maji yakitulia humo hupoa, mafuta huelea, na maji ya chini ndiyo yanayotoka. Kila juma mtu aondoe mafuta ya juu, ayachanganye na majivu na kuyafukia. Msipoyaondoa, kisanduku hicho ni kazi bure.

La tatu, msitupe ndani ya fosi vitambaa, pampasi wala majivu. Majivu husaidia choo cha shimo kupunguza harufu na nzi, lakini fosi huyajaza tu. Javeli nyingi nayo huua vijidudu vinavyotufanyia kazi.

La nne, pimeni tope angalau mara moja kwa mwaka, kwa mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe. Tope na utando vikifika theluthi moja ya kina, ni wakati wa kuondoa. Lori la kunyonya likishindwa kufika kwa sababu ya barabara, tope litolewe kwa pampu au ndoo yenye kamba, likafukiwe mbali na makao, angalau metre 30 kutoka chemchemi, tena upande wa chini yake.

Na hapa nawasihi: mtu yeyote asiingie ndani ya fosi, hata kwa dakika moja, hata kumwokoa mwenzake. Hewa yake huua haraka. Tusimtume kijana wa kanisa kufa kwa dola chache.

Sisi wa Kivu tunajua gharama ya uchafu kuingia majini. Mwezi wa saba mwaka 1994, kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi wa Rwanda karibu na Goma, ambako mwamba wa volkano ulifanya kuchimba vyoo kuwe kugumu mno.

Katika Kumbukumbu la Torati 23, Waisraeli waliagizwa kuchimba nje ya kambi na kufunika uchafu wao, kwa kuwa Bwana alitembea katikati yao. Agizo hilo lilihusu choo, na bado lilikuwa jambo la utakatifu. Basi, wazee wa kanisa, katika kikao chenu kijacho wekeni swali hili: maji yetu yanashukia kwa nani? Kisha mkafungue kile kifuniko, mkatazame.

Neema ya Bwana iwe nanyi.