Faini Siyo Breki, Wajameni!

Jioni moja mwaka 2019 nilipanda kipanya Uyole, narudi zangu nyumbani Soweto. Mvua ilikuwa inanyunya, na baridi ya Mbeya unaijua mwenyewe msomaji: inamfanya mtu adandie gari lolote linalosimama mbele yake. Nikabahatika kiti cha mbele, pembeni ya suka. Huko nyuma watu walikuwa wamejazana kama viazi kwenye lumbesa, na konda bado anaita, "Soweto, Mwanjelwa, Kabwe! Wawili tu tunaondoka!"

Hatujafika mbali, trafiki huyo, mkono juu. Suka akashuka, wakazungumza kidogo, akarudi na karatasi mkononi, sura imeiva. Kalimwa elfu thelathini kwa kuzidisha abiria.

Sasa wewe ungedhani mtu akishalimwa faini anakuwa mpole, au siyo? Thubutu! Kwanza hakushusha abiria hata mmoja. Pili, jamaa alikanyaga mafuta utadhani anakimbiza mwizi. Nikamwuliza taratibu, "Bosi, mbona haraka hivyo?" Akanijibu bila kunitazama: "Braza, thelathini imeshaondoka, na tajiri anataka hesabu yake leo leo. Unadhani nitaitoa wapi?"

Mara akatanua kulipita lori la mafuta. Kumbe mbele yetu kuna lori jingine linakuja, limewasha taa zote. Nikashika dashibodi kwa mikono miwili, kana kwamba dashibodi ingenisaidia. Tulirudi upande wetu dakika ya mwisho, na honi ya lile lori ikabaki masikioni mwangu mpaka usiku. Lakini suka wetu wala! Alizidi kukanyaga.

Alikuja kupunguza mwendo baadaye, na aliyempunguza hakuwa trafiki. Nitakwambia ni nani. Kwanza tuzungumze habari ya hizi faini.

Sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini ajali si jambo la kusimuliwa. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya jiji letu, na malori ya Tunduma tunabanana nayo hapo hapo kwenye bajaji na wauza ndizi. Machi 11, 2015, pale Changarawe karibu na Mafinga, kontena la lori liliangukia basi lililotoka huku Mbeya, wakafa watu zaidi ya 40. Juni 5, 2024, lori lilishindwa kusimama kwenye mteremko wa Simike, hapa hapa jijini, likaua watu 13.

Kila ikitokea ajali ya namna hiyo, kijiweni wimbo ni mmoja: faini ziongezwe! Walimwe laki tano, wanyang'anywe leseni, watanyooka! Na mimi nilikuwa mwimbaji hodari wa wimbo huo. Ila tangu ile jioni ya kipanya nimekuwa nikijiuliza: hivi faini ikipanda, mguu wa dereva unashuka kweli?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2011 faini ya papo kwa papo hapa nchini ilipanda kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000. Madereva walilalamika wee, wakazoea. Mwaka 2021 serikali ikafanya kinyume chake: bodaboda na bajaji wakashushiwa kutoka 30,000 hadi 10,000. Basi mimi nikakaa mkao wa kuangalia hapa mtaani Soweto. Jamaa waliokuwa wakivaa helmeti waliendelea kuvaa, na waliokuwa wakiining'iniza kwenye usukani kama pambo waliendelea kuining'iniza. Bei imebadilika, watu ni wale wale.

Kwa wenzetu je? Kule Finland faini ya mwendokasi inapimwa kwa kipato cha mtu. Mwaka 2001 kigogo mmoja wa kampuni ya Nokia, Anssi Vanjoki, alinaswa na pikipiki yake akiwa kilomita 75 kwa saa mahali pa 50. Akalimwa euro 116,000! Baadaye alikata rufaa na ikapunguzwa sana, lakini ujumbe ulifika: huko kigogo hawezi kuichukulia faini kama kiingilio cha disko. Sasa jaribu hesabu hiyo kwa suka wa kipanya. Kipato chake chenyewe ni kile kinachobaki baada ya tajiri kuchukua chake. Utamkata nini?

Jirani zetu wa Kenya ndio waliojaribu kwelikweli. Februari 1, 2004, waziri wa uchukuzi, marehemu John Michuki, aliwabana wenye matatu: abiria 14 basi, mikanda kila kiti, kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80, mstari wa njano ubavuni. Siku za mwanzo matatu nyingi zilijificha, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Ajali zikapungua, watu wakamshangilia. Lakini mkono ulipolegea, mambo yakarudi yale yale. Mwishoni mwa 2012 wakapandisha faini juu sana. Mwaka 2013 waliokufa barabarani walikuwa kama 3,100 na ushee, na mwaka 2023 walizidi 4,300. Ni kweli magari na pikipiki nazo ziliongezeka, lakini faini kubwa haikufua dafu.

Ukitazama vizuri utaona Michuki hakushinda kwa ukubwa wa faini. Alishinda kwa sababu kwa muda ule dereva alijua kwamba akikosea, atakamatwa. Hapo ndipo penye siri. Dereva haogopi laki tano ambayo huenda asiipate. Anaogopa elfu kumi ambayo lazima aipate.

Wewe mwenyewe si unasafiri? Basi linatoka Mbeya kwenda Dar, gari linalokuja linawasha taa: chap, chap. Maana yake mbele kuna tochi. Suka wako anakuwa mlokole ghafla, anaingia kijijini kwa hamsini, anamsalimia trafiki kwa heshima zote. Akishapita kona, shetani wake anarudi. Huyo sheria anaijua vizuri sana, na kitu kingine anachokijua ni mahali ilipokaa.

Ndiyo maana kile kifaa cha VTS kinachofungwa kwenye mabasi ya mikoani, kinachotuma mwendo wa basi kwa LATRA saa zote, mimi nakiona kina akili kuliko tochi ya kichakani. Hakilali, hakina njaa. Ingawa napo wapo madereva waliokwisha kubambwa wakikichezea. Mbongo bwana!

Halafu kuna jambo ambalo kijiweni tunalisema kwa kunong'ona. Faini ikipanda, na bei ya "tuyamalize hapa hapa" inapanda nayo. Mtu anayetakiwa kulipa laki tano ana sababu nzuri zaidi ya kutafuta chai ya elfu hamsini kuliko anayetakiwa kulipa thelathini. Sijamtaja mtu hapo, anayejijua anajijua.

Na ile hesabu ya tajiri je? Suka wangu alilimwa thelathini, akaigeuza kuwa mwendokasi. Kulipa tukalipa sisi abiria, kwa roho zetu. Angelimwa laki tano ile jioni, sijui kama ningekuwa hapa naandika. Faini ya kuzidisha abiria ingemfuata tajiri mwenye gari mfukoni kwake, nadhani hesabu za jioni zingeanza kuwa na ubinadamu.

Sasa nirudi kwenye kipanya. Mara baada ya yale malori, ndani kulikuwa kimya kabisa. Mimi kijana mzima, niliyekaa karibu na suka kuliko mtu yeyote, nilinyamaza. Niliona aibu kuonekana mwoga. Ndipo mama mmoja huko nyuma, ana mtoto mapajani na mkungu wa ndizi miguuni, akapaza sauti: "We kijana! Huyu mtoto nimemzaa kwa uchungu, hujanisaidia! Punguza mwendo au utushushe!"

Looo! Gari zima likalipuka. Mzee mmoja akagonga bodi, wanafunzi wakapiga kelele, hata konda akasema, "Suka, poa basi." Na suka, bila notifikesheni wala tochi, akapunguza. Tukafika Soweto kwa mwendo wa harusi.

Miaka kadhaa kabla ya hapo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika stika ndani ya matatu za Kenya, kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayekimbiza. Madai ya bima ya ajali yalipungua, na katika utafiti wao mkubwa uliotoka 2015 yalipungua kwa kati ya asilimia 25 na 33. Stika tu! Mama wa ndizi hakuhitaji hata stika.

Sisemi faini zifutwe. Trafiki wawepo, VTS ziwepo, breki za malori zikaguliwe kabla ya mteremko na siyo baada ya mazishi. Lakini anayekimbiza gari akiwa na wewe ndani, polisi wa karibu zaidi ni wewe mwenyewe.

Nilishuka Soweto siku ile nikamshukuru yule mama. Akanitazama juu mpaka chini, akasema: "Na wewe uliyekaa mbele, mdomo ulikuwa umeuacha Uyole?"

Sikuwa na jibu. Siku hizi nikikaa mbele, nasema.