Mbio za Lewa: mkimbiaji wa kawaida hukutana na nini njiani

Kila mwaka, mwishoni mwa mwezi wa Juni, njia panda ya Subuiga huona magari mengi kuliko siku nyingine yoyote. Wengi waliomo hawaelekei Isiolo wala Nanyuki. Wanakwenda Lewa, hifadhi ya wanyamapori iliyo ndani ya Kaunti ya Meru, kukimbia mbio zilizoanza mwaka wa 2000 kwa ushirikiano wa hifadhi hiyo na shirika la Tusk la Uingereza, na ambazo kwa miaka mingi zimedhaminiwa na Safaricom.

Jina la Lewa likitajwa, wengi hufikiria wanariadha wa miguu mepesi wanaoonekana kwenye televisheni. Hao wapo, lakini ni wachache. Nyuma yao kuna walimu, wahasibu, wafanyakazi wa mashamba ya maua na watu waliokimbia mara ya mwisho wakiwa shule ya upili. Hizi ni mbio za hisani, na mbio za hisani haziwezi kusimama kwa mabingwa peke yao. Fedha hutokana na ada za wanaojiandikisha, ahadi za marafiki na waajiri wao, na makampuni yanayoleta timu. Bingwa huondoka na zawadi. Anayemaliza saa mbili baadaye ndiye aliyechanga.

Kwa hivyo inafaa mkazi anayefikiria kushiriki ajue mapema njia hiyo ikoje. Mzunguko mmoja ni kilomita 21, na anayekimbia kilomita 42 huuzunguka mara mbili. Hakuna lami. Ni barabara za udongo zinazopita kwenye mbuga, zenye vumbi, mawe madogo na vilima ambavyo kwa mbali havionekani kuwa vilima. Eneo hilo liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho kila pumzi huingiza hewa pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Mgeni kutoka Pwani huhisi tofauti hiyo mapema. Mkazi wa Meru mjini anayeishi karibu na kimo hicho hicho hana kisingizio hicho, na wa Timau, anayeishi juu zaidi, ndiye kabisa.

Kinachomsumbua mtu wa Timau ni jua. Mwezi wa Juni kwao ni wa masweta na ukungu, ilhali uwanda wa Lewa hauna miti mingi ya kumkinga mtu. Mbio huanza asubuhi kukiwa na baridi, na baridi hiyo ndiyo inayowadanganya wengi. Firimbi inalia, umati unasukumana, kila mtu anajihisi mwepesi na kilomita mbili za kwanza zinakimbiwa kana kwamba mwisho uko pale kwenye kona. Mwili ukisukumwa hivyo humaliza haraka sukari uliyohifadhi kwenye misuli. Jua linapopanda, asiyeizoea kasi ile hana tena akiba, na amebakiwa na zaidi ya nusu ya safari.

Kipimo rahisi ni mazungumzo. Mkimbiaji anayeweza kumwambia jirani yake sentensi nzima bila kukatiza anakwenda kasi inayomfaa. Anayejibu kwa neno moja moja apunguze. Kupanda vilima kwa kutembea hakuna aibu, na mara nyingi humfikisha mtu mapema kuliko anayevikimbia kisha akakaa kando ya njia. Anayekwenda kilomita moja kwa dakika nane humaliza kilomita 21 kwa muda usiofika saa tatu, na huo ni muda mzuri kwa mara ya kwanza.

Maji pia yanataka kiasi. Mtu anywe kidogo kidogo kulingana na kiu. Kujaza tumbo maji kila kituo huzimua chumvi mwilini na kunaweza kuleta kichefuchefu, kuchanganyikiwa na hata kifafa. Joto likimzidi mtu, huanza kuyumba na kuongea mambo yasiyoeleweka. Akionekana hivyo asiachwe aendelee kwa sababu anasema yuko sawa. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji, na wahudumu wa huduma ya kwanza waitwe mara moja. Maumivu ya kifua nayo ni mwisho wa mbio kwa siku hiyo. Wale wanaomeza dawa za maumivu kabla ya kuanza waache, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo, zikikutana na upungufu wa maji, huumiza figo.

Na wanyama je? Hilo ndilo swali la kwanza kwa wengi. Lewa ina faru weusi na weupe, tembo, nyati na simba. Kabla ya mbio kuanza, ndege na helikopta hukagua njia, na askari wa hifadhi wenye silaha hupangwa kandokando yake. Ulinzi huo unafanya kazi kwa mtu aliye barabarani. Anayechepuka vichakani kujisaidia badala ya kutumia vyoo huwapa askari kazi ambayo hawakuipanga.

Faru ni sehemu kubwa ya sababu ya mbio hizi kuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na faru weusi takriban 20,000. Ujangili ukawabakiza mia chache tu. Mwaka wa 1983 kipande cha ardhi hapo Lewa kilitengwa kuwa kimbilio lao, na mwaka wa 1995 ndipo hifadhi yenyewe ilipoanzishwa rasmi. Fedha za mbio husaidia uhifadhi, na pia elimu, afya na maji kwa jamii zinazopakana na wanyama hao. Mkulima ambaye tembo ameingia shambani mwake ana haki ya kuuliza faida yake iko wapi, na darasa au zahanati iliyo karibu ni jibu linaloonekana kwa macho.

Kujiandaa kwa wiki 12 kunamtosha mtu mwenye afya anayeanza kwa kutembea na kukimbia kidogo. Anayelenga Juni aanze mwishoni mwa Machi. Kwanza apimwe presha na sukari kwenye kituo cha afya kilicho karibu, hasa aliyepita miaka 40. Barabara za murram za vijijini ndizo uwanja bora wa mazoezi, maana zinafanana na za Lewa. Viatu vya mitumba vinafaa ikiwa soli bado ni nzima. Visivyofaa ni viatu vipya vilivyonunuliwa Alhamisi kwa mbio za Jumamosi. Wakazi wa nyanda za baridi wafanye mazoezi mara kadhaa jua likiwa limepanda.

Baada ya kumaliza, mshiriki asikae chini papo hapo. Atembee polepole, anywe, ale. Miguu itauma siku mbili au tatu, na hiyo ni kawaida. Ila mkojo ukigeuka rangi ya chai ya strungi, misuli imeumia kiasi cha kuhatarisha figo, na anapaswa kufika hospitalini siku hiyo hiyo bila kungoja Jumatatu.