Je, Wajua? Mtoto wa Miaka 13 Aliyemwachia Mpinzani Malkia

Je, wajua kwamba mchezo wa sataranji unaoitwa "Mchezo wa Karne" mshindi wake alikuwa mtoto wa miaka 13? Ulichezwa New York, tarehe 17 Oktoba 1956, katika Marshall Chess Club. Mtoto huyo, Bobby Fischer, alikuwa na kete nyeusi. Mbele yake aliketi Donald Byrne, mwenye miaka 26, mmoja wa wachezaji hodari wa Marekani wakati huo.

Kosa la Byrne lilikuwa dogo. Katika hatua ya 11 alimsogeza tena askofu ambaye tayari alikuwa nje, na mfalme wake angali katikati ya ubao bila ulinzi. Fischer akampeleka farasi pembeni kabisa, mahali ambapo kila anayejifunza huonywa asimweke, tena akamwacha wazi aliwe. Byrne hakuthubutu kumla, kwani angemla, safu yake ya katikati ingebomoka. Wengi huusifu mchezo huu kwa sababu ya malkia, lakini mimi humrudia farasi huyo kila mara.

Basi ikafika hatua ya 17. Malkia wa Fischer anashambuliwa. Kijana hamwokoi, anasogeza askofu, kana kwamba hajaona hatari. Je, wajua kwamba mtego ule ulikuwa na midomo miwili? Byrne angemla askofu yule, Fischer angemtoa malkia hatua chache baadaye, na farasi angemmaliza mfalme aliyezingirwa na kete zake mwenyewe. Byrne akachagua kumla malkia. Ndipo mfalme wake akaanza kukimbizwa huku na huku kati ya miraba miwili, akishambuliwa mara tano mfululizo. Vumbi lilipotulia, kwa malkia mmoja Fischer alikuwa amevuna ngome moja, maaskofu wawili na askari mmoja.

Tazama pia mwisho wake. Hatua saba za mwisho za Fischer zote zilimshambulia mfalme, naye akasukumwa hatua kwa hatua kutoka upande mmoja wa ubao hadi mwingine, mpaka hatua ya 41 ngome ikamfungia njia. Muda wote huo malkia wa Byrne alikuwa mzima, amesimama mbali, hana la kumsaidia bwana wake. Byrne angeweza kusalimu amri mapema, kama ilivyo desturi ya mabingwa. Alicheza hadi mfalme aliponaswa, na kijana akapata kuumaliza mchezo wake juu ya ubao. Namheshimu sana kwa hilo.

Jina la "Mchezo wa Karne" lilitoka kwa mwandishi Hans Kmoch, mwaka huohuo wa 1956, karne ikiwa imebakiza zaidi ya miaka 40! Mashabiki hawajaacha kubishana kama lilistahili. Katika mashindano ambamo mchezo huo ulichezwa, Fischer hata hakukaribia ubingwa. Miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 15, alipata cheo cha bingwa mkuu (grandmaster). Mwaka 1972 akawa bingwa wa dunia.

Na je, wajua kuhusu Robert, kaka yake Donald? Naye alikutana na Fischer, katika mashindano ya ubingwa wa Marekani ya 1963/64. Mabingwa wakuu wawili waliokuwa wakiwafafanulia watazamaji mchezo ule katika chumba kingine waliamini Robert anashinda. Wakati huohuo, mezani, Robert alikuwa anakubali kushindwa.