Meneja wa Maghorofa Arudi Darasani

Rotunda, lile ghorofa la mviringo karibu na stesheni ya New Street, Birmingham, lilikamilika mwaka 1965 likiwa la ofisi. Mwaka 2008 likafunguliwa upya likiwa na fleti za kuishi.

Meneja wa jengo la namna hiyo hukusanya ada ya huduma, hukata bima, huita fundi wa lifti na husuluhisha ugomvi wa kelele. Lakini sheria ya England haimdai leseni. Dereva wa teksi mjini Birmingham hana budi kuwa nayo. Anayeshika fedha za wenye fleti, hapana!

Masomo, basi, husukumwa na vyama vya taaluma. Chama cha wataalamu wa ardhi na majengo, RICS, kwa miaka mingi kimewataka wanachama wake wasome saa 20 kila mwaka.

Na yapo ya kusoma. Moto wa ghorofa la makazi la Grenfell, London, uliua watu 72 mwezi Juni 2017, na kanuni zikabadilika. Tangu Januari 2023, katika majengo ya makazi yanayozidi mita 11, milango ya kuzuia moto ya maeneo ya pamoja hukaguliwa kila baada ya miezi 3. Mkaguzi huufungua mlango, huuachia, kisha hutazama kama utajifunga wenyewe mpaka komeo linase. Ukibaki wazi kidogo tu, moshi umepata njia.

Mwaka 2019 kamati iliyoongozwa na Lord Best ilipendekeza leseni na mafunzo endelevu kwa mameneja hawa. Julai 2025 serikali ilianza kukusanya maoni kuhusu kulazimisha vyeti.