Kompyuta Ikikubali Kuwa Tarishi

Kisa cha Mpango wa Karanga hakijasahaulika Nachingwea. Serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947, ikauacha mwaka 1951, na katika miaka hiyo ililetea Tanganyika vifaru vya vita aina ya Sherman vilivyogeuzwa matrekta na kiwanda cha Vickers, vikaitwa Shervick. Kifaru kilichoundwa kubeba mzinga kikaamriwa kung'oa visiki. Hasara ya mpango ule wote twaijua. Lakini lile wazo la kuivua mashine cheo chake na kuivika kingine lilikuwa wazo zuri, na siku hizi wafanyakazi wa Nachingwea na Ruangwa hulitumia bila kulipa jina.

Tutazame ofisi yo yote ya chama cha msingi cha ushirika wakati wa msimu wa korosho. Mtandao umekatika. Karani huchukua simu yake, huiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB, hugusa kioo mara mbili tatu, na mtandao hurudi. Ni nini kilichotendeka? Simu ile ni kompyuta kamili, yenye akili na kumbukumbu yake. Lakini kwa kitambo hicho imekubali kuwa kifaa cha kompyuta nyingine, kama kipanya kilivyo kifaa. Imejitambulisha kuwa chombo cha mtandao, na mwenzake amesadiki.

Sheria ya USB ilitolewa mwaka 1996 na makampuni saba, miongoni mwao Intel, Microsoft, IBM na Compaq, nayo ni sheria isiyojua mashauriano. Katika kila kundi la vifaa mkubwa ni mmoja tu. Waliobaki, ambao waweza kufika 127, ni matarishi. Tarishi hasemi mpaka aulizwe. Ndiyo sababu mtu akiunganisha kompyuta mbili za kawaida kwa waya, kwenye yale matundu bapa ya zamani, hapati kitu: wakubwa wawili wameketi, hakuna wa kutumwa. Tena kila mmoja hutoa umeme wa volti 5, na waya wa namna hiyo waweza kuwadhuru wote wawili.

Basi, ili kompyuta iweze kumtumikia mwenzake, haina budi kuwa na kidhibiti cha USB kinachojua kutii. Kompyuta nyingi za mezani hazinacho. Simu zinacho, na vile vile zile kompyuta ndogo za bei nafuu kama Raspberry Pi Zero, iliyotoka mwaka 2015 kwa bei ya dola 5. Mfumo wa Linux una sehemu maalum kwa kazi hii, na tangu mwaka 2013 fundi huweza kuipanga kwa kuandika mafaili machache tu: namba ya mtengenezaji, namba ya kifaa, jina lake, na kazi zitakazotendwa. Akiisha, huandika jina la kidhibiti, na papo hapo ile kompyuta kubwa huona kifaa kipya kimefika. Kifaa hicho chaweza kuwa flashi, chaweza kuwa kibodi, chaweza kuwa chombo cha mtandao, au vyote pamoja.

Faida yake si ya mchezo. Fikirini mashine ya zamani isiyojua mtandao, ijuayo tu kuandika kumbukumbu zake katika flashi. Kompyuta ndogo ikijifanya flashi, mashine ile huendelea na kazi yake bila kubadilishwa, na kumbukumbu zake huweza kupelekwa mbali kwa mtandao usio na waya. Ila hapa wengi hukosea. Pande zote mbili zisiandike katika ghala moja kwa wakati mmoja, kwani kila upande hudhani ghala ni lake peke yake, na mafaili yataharibika. Upande mmoja uandike, kisha ufunge. Ndipo wa pili usome.

Sasa tuje kwenye jambo linalotutia wasiwasi. Kifaa cha USB hujieleza chenyewe, na mkubwa hana kitambulisho cha kudai. Mwaka 2014 wataalamu wawili wa Ujerumani, Karsten Nohl na Jakob Lell, waliwaonyesha watu mjini Las Vegas jinsi flashi ya kawaida iwezavyo kufundishwa upya ijiite kibodi, nayo ikaanza kuandika amri kana kwamba ni mwenye kompyuta.

Wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale huuza korosho zao kupitia chama chao kikuu, RUNALI, na tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho huendeshwa kwa mfumo wa elektroniki wa Soko la Bidhaa. Hesabu ya jasho la mwaka mzima imo ndani ya kompyuta. Kwa hiyo hatuoni haya kusema kwamba kompyuta ya malipo si mahali pa kuchajia simu ya kila apitaye. Simu ichajiwe ukutani, au kwa waya usio na nyuzi za kupitisha habari. Karani anyanyukapo afunge kioo. Na kompyuta zinazotumia Linux zaweza kuamriwa zikatae kila kifaa kisichoandikishwa. Kazi hiyo haimchukui fundi muda mrefu.

Kwa kijana atakayejaribu mwenyewe, tuongeze hili. Pi Zero ina matundu mawili madogo yanayofanana: moja ni la umeme tu, la pili limeandikwa USB. Akichomeka katika lile la kwanza, taa itawaka vizuri kabisa, na kompyuta kubwa haitasema neno.