Ujasiri wa Kubadili Mawazo (2): Mambo Ambayo Mwalimu Nyerere Aliyarudisha

Wiki iliyopita tulieleza kwa nini binadamu huona uzito kuacha wazo alilolitetea mbele ya watu. Leo tulitazame jambo hilo kwa kiongozi ambaye nchi nzima ilimsikiliza, na ambaye ni wachache mno waliothubutu kumpinga: Mwalimu Julius Nyerere.

Mwaka 1972 Serikali yake ilianzisha Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zikafutwa, za miji nazo zikafuata, na kazi zake wakakabidhiwa maofisa wa Serikali. Mwaka 1976 ikawa zamu ya vyama vikuu vya ushirika. Kazi ya kununua na kuuza mazao ya wakulima ikaenda kwa mamlaka za mazao.

Sababu za hatua hizo zilikuwa za kweli. Halmashauri nyingi hazikuwa na fedha wala wataalamu. Ushirika nao ulikuwa na ubadhirifu, hata mwaka 1966 Serikali ikaunda kamati maalumu ya kuuchunguza. Kosa lilikuwa katika tiba. Chama kama KNCU cha Kilimanjaro, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilikuwa kimewazoeza wakulima wa kahawa kusimamia mali yao na kuwahoji viongozi wao mkutanoni. Kilipofutwa, mkulima alipoteza mahali pa kusemea. Mamlaka za mazao zikawa na gharama kubwa, malipo yakachelewa, na hapakuwa tena na mkutano wa wanachama wa kumwajibisha yeyote.

Matokeo yalipoonekana, Serikali ilianza kurudi nyuma. Mwaka 1978 halmashauri za miji zilirudishwa. Mwaka 1982 Bunge likatunga sheria za kurejesha serikali za mitaa na vyama vya ushirika, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Mwaka huohuo, akiwa bado Rais, Mwalimu alihojiwa na jarida la Third World Quarterly, akasema wazi kwamba lau angeanza upya, asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Tuzingatie mpangilio wake: marekebisho yalitangulia, maneno yakafuata.

Baadaye alibadili mawazo katika jambo zito zaidi. Mfumo wa chama kimoja uliwekwa kisheria mwaka 1965 chini ya uongozi wake. Mwaka 1990 alitamka hadharani kwamba mfumo huo unaweza kujadiliwa. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu suala hilo, ilikuta kuwa takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo Mwalimu aliunga mkono vyama vingi, kwa hoja kwamba asilimia 20 si watu wa kupuuzwa. Mfumo mpya ulianza rasmi tarehe 1 Julai 1992.

Wapo wanaodhani kwamba anayebadili mawazo hana msimamo. Lakini Mwalimu alilitetea Azimio la Arusha, tamko la siasa yake ya ujamaa, hadi mwisho wa uhai wake. Alichokibadili ni njia. Lengo la usawa na la watu kujiamulia mambo yao lilibaki palepale, na ndilo lililompa kipimo cha kujua njia ipi imeshindwa. Asiye na lengo hana cha kupimia, hivyo ama hung'ang'ania kila kitu au huyumba kwa kila neno.

Lakini tusiisahau gharama. Sheria huweza kurudisha jina la chama. Imani ya wanachama na uzoefu wa watendaji havirudi kwa sheria. Wakulima wengi walilipia miaka ile ambayo sauti zao hazikuwa na pa kupitia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, uwe mwenyekiti wa kijiji, mwalimu mkuu au mzazi, kabla hujafuta kitu waulize wanaokitumia. Ukishaamua, waachie nafasi ya kukwambia kwamba umekosea. Wakikuonyesha ushahidi, rekebisha mapema, kisha sema wazi.

Itaendelea wiki ijayo.