Chemsha Bongo na Siri ya Kumbukumbu

Mnamo Novemba 1980 watazamaji wa televisheni ya BBC nchini Uingereza walioneshwa kichekesho kilichobeba ndani yake somo zima la saikolojia. Wachekeshaji Ronnie Barker na Ronnie Corbett waliigiza Mastermind, shindano la chemsha bongo lililoanza mwaka 1972, ambamo mshindani huketi peke yake kitini na kumiminiwa maswali. Katika kichekesho hicho mshindani alikuwa amechagua somo la ajabu: kujibu swali lililotangulia badala ya lile aliloulizwa. Majibu yake yalikuwa sahihi, lakini kila moja liliangukia swali lisilo lake, na hapo ndipo vicheko vilipotoka.

Mwanafunzi na aujaribu mchezo huo na mwenziwe. Baada ya maswali machache tu atakwama, kwa kuwa analazimika kulishika swali jipya akilini wakati uleule anapolijibu la zamani. Kumbukumbu itunzayo mambo kwa sekunde chache ni finyu mno. Mwaka 1956 George Miller, mtaalamu wa Marekani, alikadiria kwamba huchukua takriban vitu saba. Watafiti wa baadaye wameshusha kadirio hilo hadi kama vinne. Lakini Miller alieleza pia kwamba kinachohesabiwa ni fungu lenye maana, wala si kitu kimoja kimoja. Tarakimu 09121961 ni nane kwa mgeni. Kwa mwanafunzi wa Tanzania ni fungu moja tu, yaani siku ya Uhuru wa Tanganyika.

Ustadi wa kufunga mafungu haukuanzia katika maabara. Miongoni mwa Wakurya, ambao wilaya za Tarime na Serengeti, pamoja na vijiji kama Mbalibali, zimo katika eneo lao, kila mtu kwa desturi huzaliwa ndani ya rika la kizazi. Majina ya marika hayo ni manane, baadhi yake yakiwa Maina, Nyangi, Chuma na Saai, nayo yamegawanyika katika mizunguko miwili ya majina manne manne. Mtoto hupewa jina linalofuata lile la rika la baba yake, na baada ya jina la nne mzunguko huanza upya. Basi mzee akiambiwa rika la mgeni, papo hapo anajua rika la baba yake na la babu yake. Tena anajua kwamba babu wa babu yake alikuwa wa rika lilelile la mgeni huyo. Asiyeijua kanuni atadhani mzee amehifadhi mamia ya majina kichwani. Kumbe amehifadhi manane na kanuni moja.

Je, watu wasiotegemea maandishi wana kumbukumbu yenye nguvu zaidi? Frederic Bartlett, mtaalamu wa Uingereza, alilichunguza jambo hili huko Swaziland, ambayo leo ni Eswatini. Katika kitabu chake cha mwaka 1932 anasimulia habari za mchungaji aliyeulizwa juu ya ng'ombe walionunuliwa na mwajiri wake mwaka mmoja uliopita. Mchungaji alimtaja kila ng'ombe, rangi yake na bei yake, akakosea mambo madogo mawili tu. Jambo hilo halitamshangaza mfugaji yeyote wa Mara.

Bartlett huyohuyo aliwapa wasomaji wa Kiingereza ngano ya Wahindi Wekundu, kisha akawataka waisimulie tena. Kila walipoirudia waliibadili kidogo bila kujua: mitumbwi ikawa mashua, na mambo yaliyokuwa mageni kwao yakaachwa au yakapewa sababu za kwao. Ndiyo maana mtu mashuhuri akiulizwa mbele ya kamera juu ya maisha yake mwenyewe huweza kukosea huku akiapa. Anachokikumbuka ni masimulizi aliyokwisha kuyatoa mara nyingi, nayo hujengwa upya kila yanapotolewa.

Kuhusu nguvu ya kumbukumbu, Bartlett alimpa mvulana wa Kiswazi ujumbe wa maneno kama 25 aupeleke upande wa pili wa kijiji, mwendo wa dakika mbili hivi. Mvulana aliufikisha, lakini mambo kadhaa ya maana yalikuwa yamempotea njiani, kama ambavyo yangempotea mvulana yeyote wa Kiingereza. Ujumbe huo haukumhusu. Ng'ombe walimhusu mchungaji.